Tupeane uzoefu: mashine kuukuu ya boti ikigoma kuwaka, unaanzia wapi?

NguruMkubwa: Nazungumzia hizi Yamaha Enduro za stroku mbili, za nguvu farasi 15 na 40, zilizokwisha kupita mikono ya watu watatu. Kamba ikivutwa mara 20 bila jibu, watu wanakimbilia kufungua kabureta. Anza na klipu ya kamba ya kuzimia. Imechomoka? Utavuta mpaka bega litoke. Kisha skrubu ya hewa juu ya kifuniko cha tangi. Ikiwa imefungwa, mashine inawaka, inakwenda dakika chache, inakata. Ukifungua kifuniko unasikia "fyuuu".

PapaUpanga: Skrubu hiyo imelisha mafundi wengi.

FundiKimya: Wakubwa, sikilizeni pampu ya mkono, ile ya mpira kwenye mpira wa mafuta. Mshale uelekee kwenye mashine. Minya mpaka ikaze.
Haikazi kabisa: inavuta hewa, tazama oringi ya kiunganishi, au valvu zake zimechoka. Imenywea bapa na hairudi: kizuizi kiko nyuma yake, yaani hewa ya tangi, chujio, au mpira uliobambuka kwa ndani. Inakaza halafu inalegea huku petroli inachuruzika kutoka kwenye kabureta: sindano ya floti haifungi, ina uchafu au imelika.
Mashine ikizima unapoongeza kasi lakini ukiminya pampu inafufuka, shuku pampu ya mafuta. Daiframu, utando wake wa ndani, imechanika au imekakamaa. Ikikubali kwenda na choki tu, jeti, kile kitundu cha mafuta ndani ya kabureta, imeziba. Na jeti, tafadhali, haichokonolewi kwa waya! Tundu likipanuka kidogo tu, vipimo vyote vimeharibika. Tumia uzi mwembamba wa mshipi na hewa.

ChanguMwekundu: Kabla ya yote hayo chomoa plagi, kaka. Kavu: mafuta hayafiki. Imelowa: mafuta yapo, moto (cheche) hakuna, au umezidisha choki. Ikilowa, chomoa mpira wa mafuta, rudisha choki, toa plagi zote, vuta kamba mara kumi hivi silinda zipumue.

TasiMchanga: Na oili? Lita 20 za petroli kwa mililita 400 za TC-W3, oili ya stroku mbili ya mashine za boti, ndiyo 50 kwa 1. Wengine wanakadiria kwa macho. Ikizidi, plagi zinajaa masizi. Ikipungua, pistoni inanata. Oili ya pikipiki za stroku mbili haifai hapa. Imetengenezewa injini inayopozwa kwa hewa.

DagaaWaZiwani: Huku Ziwa Victoria tunatia mafuta ya taa kidogo, bei inapungua, mashine inakwenda.

MkunguShimoni: Inakwenda mpaka lini? Kenya tangu 2018 wametoza shilingi 18 kwa lita ya mafuta ya taa ili watu wasichanganye, wewe unachanganya kwa hiari yako! Asubuhi haiwaki, plagi nyeusi, mnasema mashine ina jini.

DagaaWaZiwani: Shehe, zipo Enduro za mafuta ya taa zinatoka kiwandani.

MkunguShimoni: Zipo, na mgandamizo wake umepunguzwa. Hata hizo zinawashwa kwa petroli, zikipata joto ndipo unahamisha, na kabla ya kuzima unarudisha petroli. Yako ni hiyo?

DagaaWaZiwani: …

MwambaWaKusi: Acheni taa. Kuna la hatari zaidi: mashine imebanduka kwenye kitako cha boti ikiwa inaunguruma, imekwenda chini, wapiga mbizi wameitoa. Wote wanaivuta kamba papo hapo. MSIVUTE! Ikiwa ilikuwa inazunguka ilipozama, maji hayagandamizwi, yumkini mkono wa pistoni umepinda. Toa plagi, zungusha gurudumu la juu ya mashine (flaiwili) taratibu kwa mkono. Likikwama, ishia hapo, mpe fundi.
Likizunguka: osha yote kwa maji baridi yasiyo na chumvi, laza mashine matundu ya plagi yatazame chini, vuta kamba polepole mpaka maji yaishe. Mwaga mafuta ya kabureta na ya mpira. Pitisha spiriti ndani, ifuate oili. Plagi mpya, mafuta mapya, iwashe ndani ya saa tatu hivi, iache ifanye kazi nusu saa. Fundi yuko mbali? Izamishe kwenye pipa la maji baridi mpaka afike. Kinachoila ni hewa ikikutana na chumvi.

PapaUpanga: Kuizamisha tena?! 😂

FundiKimya: Yuko sahihi.

ChanguMwekundu: Ndiyo maana boliti za kubania zinakazwa kila safari, na mnyororo wa usalama si pambo.

TasiMchanga: Turudi kwenye kuwaka jamani. Ile dawa ya kopo ya kupulizia ili mashine iwake inasaidia?

NguruMkubwa: Sana.

FundiKimya: Hapana. Stroku mbili inalainishwa na oili iliyomo kwenye petroli, dawa ile inaiosha oili hiyo. Weka mchanganyiko wako wa 50 kwa 1 kwenye chupa ya kupulizia, kidogo tu mdomoni mwa kabureta. Na ukipima moto wa plagi, igusishe kwenye chuma mbali na matundu ya silinda; mvuke wa petroli unatoka hapo.

PapaUpanga: Mimi dawa yangu ni nanga kwanza, kasia pili, ndipo spana.

DagaaWaZiwani: Plagi za B7HS na B7HS-10 ni kitu kimoja?

ChanguMwekundu: Hiyo 10 ni nafasi ya milimita 1.0 kwenye ncha ya plagi, inaporuka cheche. Fuata iliyoandikwa kwenye kitabu cha mashine yako. Na acha taa.