Shamba linafurika Aprili, Januari limekauka, nianze na nini?

mkulima_butaleja
Habari zenu wakulima. Nina ekari 3 huku Butaleja, Uganda, juu kuna mteremko kidogo nimeweka mahindi na maharage, chini linagusa kinamasi cha mto Manafwa. Mvua za Aprili zikipiga maji yanashuka yanabeba mbolea yote, mto nao unapanda, mpunga unalala majini. Ikifika Januari nasomba maji ya nyanya kwa jerikeni. Jirani ananiambia nichimbe mtaro mnyoofu niyatoe maji yote mpaka mtoni halafu nikaushe kinamasi nilime, mwingine anasema bwawa. Pesa ni kidogo, nifuate lipi?

mama_wa_mlimani
Pole ndugu yangu. Kinamasi usikiguse tafadhali! Yale mafunjo ndo yanayovunja kasi ya maji, yanayashika wakati wa mvua na kuyaachia polepole, ukiyakausha na huo mtaro unawapelekea mafuriko wenzako wa chini. Na sheria ipo, kanuni za mwaka 2000 zinalinda mita 100 kutoka ukingoni kwa mito mikubwa iliyotajwa, na mita 30 kwa mingine.

Mimi niko Bududa, maji ya Manafwa yanatokea huku kwetu, kwa hiyo hili linaniuma. Anza juu ya shamba. Tengeneza fremu ya A, miti miwili sawa unaifunga kichwani, mmoja unaulaza katikati, unaning'iniza kamba yenye jiwe. Kamba ikigusa alama ya katikati ya huo mti wa kulala ujue miguu yote miwili iko levo moja, piga kigingi, geuza fremu, endelea hivyo mpaka mwisho wa shamba. Kwenye vigingi chimba mfereji, udongo tupa upande wa juu, hiyo ndo fanya juu. Juu ya tuta panda majani ya tembo, yanashika udongo na ng'ombe anakula. Hapo gharama ni jembe na jasho tu.

shamba_kasese
Naunga mkono. Sisi huku Kasese mto Nyamwamba ulitupiga kwa mafuriko 2013 ukarudi 2020, najua maji yakishafika chini huyashindi tena. Piga hesabu: milimita 1 ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita 1, so mvua ya milimita 50 kwenye ekari moja ni zaidi ya lita laki mbili, bwawa gani la mkono litabeba hizo? Udongo ndo tangi lako kubwa, weka na matandazo ya mabua usiyachome. Ila kama udongo wako ni mzito usiache mfereji bila pa kutokea, utajaa na kupasua tuta, mwisho wake acha njia pana yenye nyasi maji ya ziada yatoke taratibu.

mkulima_butaleja
Asanteni sana, kesho natafuta miti ya fremu. Na bwawa nisichimbe kabisa?

shamba_kasese
Chimba baadaye, dogo, mwisho wa mfereji, mbali na kinamasi. Ongeza kina badala ya upana maana jua linakula kama milimita 5 za maji kwa siku, miezi mitatu karibu nusu mita imeenda. Finyanga udongo wa chini, ukikaa donge bila kupasuka utashika maji, ukimeguka utavuja.

mama_wa_mlimani
Na uzio kwanza kabla halijajaa, watoto wanazama kwenye haya mabwawa.