Tupeane uzoefu: Msimu mzima na bustani ya mimea dawa, umeona nini?

Chipukizi (mleta uzi)

Wakuu, salamu kwenu. Ukiuliza habari za mimea dawa, majibu mengi ni ya kunywa na kupaka: jani hili chemsha, gome lile twanga. Kuhusu mmea wenyewe, tangu unapoota hadi unapoingia kwenye chupa ukiwa mkavu, watu wanapita mbio. Mimi nina matuta ya mchaichai, mrehani, rozmari, kamomili na mshubiri, na tangawizi pembeni. Nilichokwisha kukiona ni kwamba kila mmoja una saa yake: mrehani umeshaanza kutoa maua, rozmari wala haijaamka. Tusimulie tuliyoyaona kwa macho, kuanzia kitaluni. Mambo ya "unatibu magonjwa mia" leo tuyaweke kando, tafadhali.

Mama Kitalu

Nianze na mbegu, maana huko ndiko wengi wanakokatia tamaa. Mbegu za kamomili na za artemisia ni vumbi tupu. Gramu moja ya artemisia ina mbegu zaidi ya 10,000! Kitu kidogo namna hiyo hakina akiba ya kusukumia udongo, na isitoshe kinahitaji mwanga ndipo kiote. Kwa hiyo sizifukii. Nazichanganya na mchanga mkavu ili zisirundikane, nanyunyiza juu ya udongo uliochekechwa, nagandamiza kwa kiganja, basi. Maji natoa kwa chini: trei inakaa kwenye beseni, udongo unajinywea wenyewe. Ukimwagia kwa juu mbegu zote zinahamia kona moja, halafu mtu analalamika kauziwa mbegu mbovu. Mimi swali langu la kwanza huwa: ulizifukia kina gani?

Mwarobaini una tabia tofauti kabisa. Mbegu yake ni kubwa na inaota vizuri ikiwa mbichi, ila ikikaa wiki chache tu nguvu yake inashuka vibaya. Ukiiokota, ipande.

Rozmari sihangaiki na mbegu, zinachelewa mno na nyingi haziji. Nakata ncha changa yenye urefu wa kama sentimita 10, nyororo, isiyogeuka mti, nachuna majani ya chini, nachomeka kwenye mchanga wenye unyevu, kivulini. Usiivute kila asubuhi kuangalia kama imeota mizizi (najua mnafanya). Ikitoa majani mapya juu, chini kuna kazi imefanyika.

Miche ikifika ukubwa wa kuhamishwa, izoesheni jua polepole. Leo saa moja, kesho mbili. Ukiitoa kivulini moja kwa moja hadi jua la mchana, majani yanaungua meupe.

Mzee wa Mboji

Nitawaudhi wapenda samadi. Rozmari, lavenda na wenzao asili yao ni vilima vikavu, vya mawe, kando ya Mediterania. Ukiilisha sana inatoa matawi marefu laini, ya kupendeza kwa picha, lakini ukisugua jani harufu ni hafifu. Na kwenye mimea ya aina hii harufu ndiyo mafuta, na mafuta ndiyo tunayoyatafuta. Mboji kidogo wakati wa kupanda inatosha. Wanaokula ni tangawizi na manjano. Hao wape bila woga, ilimradi maji yasituame, maana tunguu likikaa kwenye tope linaoza kabla hujajua kuna tatizo.

Mpalilia

Mzee umesema kweli kuhusu rozmari, ila kwa mrehani na mnanaa sikubaliani nawe. Hiyo ni mimea ya majani, tunaikata mara kwa mara, na kila ukikata umechukua kitu. Bila kurudisha mboji, mavuno ya mwisho wa msimu ni vijiti.

Mnanaa upandeni kwenye chungu. Sina la kuongeza. Aliyeupanda kwenye tuta anajua mizizi yake inavyotambaa hadi kwa majirani. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa chini ya majani, hiyo ni kutu: kata shina lote hadi usawa wa udongo, yale majani yapeleke mbali wala si kwenye mboji, utachipua upya msafi.

La msingi zaidi kwangu ni vibao vya majina. Bustani ya mboga ukichanganya miche, hasara ni ndogo. Huku komfri na dijitalisi, kabla ya kutoa maua, majani yake yanafanana hadi mzoefu anasita, na dijitalisi ni sumu ya moyo hata kama dawa za moyo zimetoka humo. Kwangu kibao kinachomekwa siku ileile mbegu inapoingia udongoni, na jina la kisayansi juu yake, kwa kuwa majina ya kawaida yanahama kutoka mmea hadi mmea. Mche uliojiotea bila kibao na siujui, nang'oa.

Tone la Umande

Nimesoma kimya nikingojea kuvuna kutajwe. Kulima wengi wanaweza. Kinachotofautisha ni siku ya kukata na siku zinazofuata.

Majani yenye harufu kata maua yanapokaribia kufunguka, asubuhi, umande ukishakauka lakini jua halijawa kali. Ukikata na umande umebeba maji ya bure yatakayokuletea ukungu. Ukingoja mchana, sehemu ya mafuta imeshapaa. Mrehani usingoje mwisho. Konyoa ncha juu kidogo ya jozi ya majani, pale patatoka matawi mawili, nayo baadaye ukayakonyoe. Ukiuacha uzae mbegu, umeaga.

Kamomili tunachuma ua, na ua linasema lenyewe. Petali nyeupe zikiwa zimelala kwa pembeni, usawa wa meza, chuma. Zikianza kuinama chini umechelewa, likikauka linapukutika. Maana yake unapita kila baada ya siku chache, na kadiri unavyochuma ndivyo linavyoleta mengine. Kalendula hali kadhalika, na ukiona vidole vinanata, ni utomvu ule mzuri.

Mchaichai acha shina la sentimita 10 hadi 15 juu ya ardhi, na vaa mikono mirefu, majani yake yanakata.

Kukausha: kivulini, hewa ipite, joto lisizidi nyuzi 40 hivi. Jua linachukua rangi na harufu. Tandaza tabaka moja, usirundike. Jani liko tayari linapovunjika kwa sauti, na kikonyo nacho kivunjike, kikipinda bado. Weka kwenye chupa ya kioo, gizani, uiangalie wiki ya kwanza: ukiona mvuke ndani ya kioo, toa yote ukaushe tena. Yenye ukungu usichambue, tupa.

Chipukizi

Tone, umenipa darasa. Na mshubiri? Una watoto wengi pembeni, naogopa kuugusa.

Mama Kitalu

Watenganishe kwa kisu safi, kila mmoja na mizizi yake. Usiwapande papo hapo, waache kivulini siku kadhaa kidonda kikauke. Ukipanda, maji yasubiri tena kidogo. Kuvuna, chukua majani ya nje, ya zamani, usiguse moyo. Jani likishakatwa lisimamishe mkato ukiwa chini, maji ya njano yachuruzike. Hayo ya njano yana aloini, yanaharisha vibaya. Mwaka 2002 Marekani iliondoa sokoni dawa za kulainisha choo za mshubiri zilizokuwa zikiuzwa bila cheti cha daktari. Ute mweupe wa ndani ndio wa kupaka.

Mfamasia wa Zamani

Niingilie kwa sababu artemisia imetajwa. Ilime, ni mmea mzuri, na artemisinini, kiini chake kinachotengenezewa dawa za malaria, huwa nyingi majanini mmea unapokaribia kutoa maua. Tu Youyou na timu yake huko China waliipata mwanzoni mwa miaka ya 1970, akapewa Tuzo ya Nobel mwaka 2015, lakini walitumia eta, kimiminika cha kuyeyushia, kwenye joto dogo kwa sababu kuchemsha kulikuwa kunaiharibu. Kiasi kilichomo kinabadilika kutoka shamba hadi shamba. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani haliungi mkono kutibu malaria kwa majani au chai yake: dozi ndogo haiui vimelea wote, na wanaobaki wanaweza kuzoea dawa. Na mwenye dawa za kila siku, awe za presha au za kuzuia damu kuganda, amwambie daktari anachovuna.

Chipukizi

Shukrani mkuu, hilo nimelichukua. La mwisho: majani ya tangawizi yameanza kuwa ya njano. Niongeze maji?

Mzee wa Mboji

Punguza! Kama imefikisha miezi minane hadi kumi, hiyo siyo kiu, imekomaa. Majani yakilala yote acha kumwagilia kabisa, kisha chimba kwa uma; jembe linakata tunguu. Yaliyonona yenye macho tenga kwa ajili ya mbegu.