Mwakilishi wa wadi yetu anautaka ubunge: tumpige msasa vipi bila kumwonea?

Mkaazi wa wadi (swali)

Mwakilishi wa wadi yetu, ambaye anamalizia muhula wake wa pili katika bunge la kaunti, ametangaza kwamba atawania ubunge katika uchaguzi wa tarehe 10 Agosti 2027. Ni mtu ambaye jina lake likitajwa sokoni watu hugawanyika papo hapo. Wanaomtetea huhesabu barabara, basari na michango ya mazishi, na wanaompinga husema kwamba kandarasi ya kisima cha kijiji chetu ilipewa kampuni ya shemeji yake, na kwamba fedha zote zililipwa ilhali maji hayajawahi kutoka.

Mwaka juzi alinichangia bili ya hospitali ya mama yangu, na nalisema hili wazi kwa sababu ndilo linalonitatiza. Sitaki kumwita mtu mwizi kwa kuwa nimesikia, wala sitaki kumpa kura kwa kuwa nina deni la shukrani.

Jumamosi iliyopita nilikwenda kukiona kisima chenyewe. Mdomo wa bomba umezibwa kwa gunia lililofungwa kwa waya, tangi liko juu ya mnara wa chuma lakini halina mfereji hata mmoja, na bango la mradi, ambalo lingetuambia kiasi cha fedha na jina la mwanakandarasi, limeng'olewa zikabaki nguzo mbili tu. Nikiwa pale, akina mama watatu walinipita na madumu wakielekea mtoni.

Naomba kuelezwa: mwananchi wa kawaida anaweza kupata rekodi gani, na azisome vipi?

Karani mstaafu wa bunge la kaunti

Ndugu yangu, anza kwa kuuliza kazi aliyopewa ilikuwa ipi, kwa maana hapo ndipo wapiga kura wengi hupotezwa. Ibara ya 185 ya Katiba ya Kenya inalipa bunge la kaunti mamlaka ya kutunga sheria za kaunti na kuisimamia serikali ya kaunti. Mwakilishi wa wadi hajengi barabara wala hachimbi kisima. Wanaofanya hivyo ni idara za gavana, na mwakilishi ameajiriwa na ninyi kuhakikisha kwamba zimefanya. Kwa hiyo anapoihesabu barabara kuwa yake, anajisifu kwa kazi ya mwingine, na jambo zito zaidi ni kwamba huenda haulizwi kabisa kuhusu kazi iliyokuwa yake.

Kazi hiyo ina kumbukumbu. Ibara ya 196 inalitaka bunge la kaunti kuendesha shughuli zake waziwazi, na yanayosemwa ukumbini huandikwa katika Hansadi. Tafuta vikao vya makadirio ya bajeti na vile ambavyo ripoti za Mkaguzi Mkuu zilijadiliwa, kisha uangalie kama alisimama na aliuliza nini. Angalia pia alikuwa mwanachama wa kamati gani, na kama sahihi yake imo katika ripoti za kamati hiyo. Kuhusu mahudhurio, ibara ya 194 inasema kwamba mwanachama anayekosa vikao vinane bila idhini ya maandishi ya Spika, na bila maelezo ya kuridhisha, anaweza kupoteza kiti, kwa hiyo mahudhurio si siri ya mtu binafsi.

Katika miaka yangu ya kazi niliwajua waheshimiwa waliotikisa kila mazishi kwa sauti, lakini ukifungua Hansadi ya mwaka mzima unawakuta wamesimama mara mbili, tena kumpongeza Spika. Liliniuma sana, kwa sababu kijijini kwao hakuna aliyejua.

Mhasibu wa kaunti jirani

Niongeze upande wa hesabu. Mwaka wa fedha wa serikali huisha tarehe 30 Juni, na ibara ya 229 inampa Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali miezi sita kukagua na kutoa ripoti. Kila kaunti ina ripoti ya serikali ya kaunti na nyingine ya bunge la kaunti. Kisima chako kitafute katika ile ya kwanza, chini ya idara ya maji. Ripoti hizo zimewekwa wazi kwenye tovuti ya ofisi yake. Usikomee kwenye ukurasa wa maoni ya jumla, bali shuka hadi kwenye hoja moja moja, ambako utakuta maneno kama "mradi umelipiwa lakini haujakamilika" au "stakabadhi hazikutolewa kwa ukaguzi".

Hata hivyo nakusihi uwe mwangalifu: hoja ya ukaguzi si hatia. Wakati mwingine stakabadhi ilichelewa tu, na hoja hiyohiyo ikafungwa mwaka uliofuata. Ninayoitilia shaka ni hoja inayorudi miaka mitatu mfululizo bila mtu kuijibu.

Kuhusu shemeji, usitegemee maneno ya sokoni. Ukishalijua jina la kampuni, omba kwa Msajili wa Kampuni taarifa inayoitwa CR12, ambayo huonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Na jina la kampuni utalipata kwa kuiandikia serikali ya kaunti chini ya Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Sheria hiyo inakuruhusu kuandika kwa Kiswahili, haikulazimishi kueleza kwa nini unataka habari, na inaipa ofisi siku 21 kukujibu. Wakinyamaza, peleka malalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala. Omba mkataba, hati za malipo na cheti cha kukamilika kwa kazi. Cheti hicho kina sahihi ya mtu aliyethibitisha kwamba maji yanatoka.

Mpiga kura wa muda mrefu

Ninawaheshimu nyote, lakini mnamhukumu mtu kwa makaratasi. Huyu ndiye kiongozi pekee wa eneo letu anayepokea simu usiku mgonjwa anapozidiwa, na watoto wengi wa kwetu wamebaki shuleni kwa sababu yake. Hakuna mahakama iliyompata na hatia. Wengi wanaokizungumzia kisima wametumwa na mpinzani wake, ambaye hata mtoni hapajui. Kama ana kosa, si afikishwe mahakamani?

Wakili

Mzee wangu, hoja yako kuhusu mahakama ina haki ndani yake, na hakuna anayepaswa kufungwa kwa uvumi. Lakini mlango wa kisheria wa kuwania wadhifa ni mpana kuliko watu wanavyodhani. Ibara ya 99 humzuia mgombea ubunge aliyehukumiwa kifungo cha miezi sita au zaidi, au aliyepatikana kwa mujibu wa sheria kuwa ametumia wadhifa vibaya au amekiuka Sura ya Sita ya Katiba, inayohusu uongozi na maadili, na hata hapo hazuiwi kabla ya rufaa zote kumalizika. Rufaa hizo zinaweza kudumu muda mrefu kuliko muhula mzima.

Ferdinand Waititu alianza kama diwani jijini Nairobi, akawa naibu meya, akaingia bungeni, kisha mwaka 2017 akachaguliwa gavana wa Kiambu. Seneti ilimwondoa Januari 2020, na mahakama ikampata na hatia Februari 2025 katika kesi iliyohusu zabuni ya barabara ya Sh588 milioni, makosa yakiwamo mgongano wa maslahi. Mike Sonko aliondolewa ugavana wa Nairobi Desemba 2020, lakini mwaka 2022 alikuwa akiutafuta ugavana wa Mombasa, na Mahakama ya Juu ilitoa uamuzi wa mwisho dhidi ya rufaa yake ya kupinga kuondolewa huko tarehe 15 Julai, chini ya mwezi mmoja kabla ya uchaguzi mkuu. Mpiga kura aliyesema atasubiri mahakama angekuwa ameshasubiri ngazi baada ya ngazi.

Mahakama huuliza kama mtu anastahili adhabu, nasi tunauliza kama anastahili mamlaka makubwa zaidi. Kwa swali hilo la pili, shemeji akithibitika ni jambo zito hata kama kisima kingekuwa kinatoa maji, maana aliyewekwa kumsimamia mwanakandarasi angekuwa amekaa naye meza moja. Na simu za usiku ni wema wa kweli, sikatai, ila mbunge atapiga kura kuhusu kodi na bajeti ya nchi nzima.

Mkaazi wa wadi

Nawashukuru nyote, na wewe mzee uliyemtetea pia, kwa sababu umesema kwa sauti yale yaliyomo moyoni mwangu. Barua nimeiandika kwa Kiswahili na kuipeleka jana. Karani wa mapokezi aliisoma mara mbili, akaniuliza kama nimetumwa na chama, nikamwambia nimetumwa na kijiji, naye akaigonga muhuri na kunirudishia nakala.

Kisha nimempigia simu mheshimiwa mwenyewe ili asisikie kwa watu. Hakufurahi, lakini amekubali kukutana nasi palepale kisimani Jumamosi ijayo. Tutakuwa wengi na muda utakuwa mfupi. Nianze na swali gani?

Karani mstaafu wa bunge la kaunti

Usimwulize kuhusu shemeji kabla CR12 haijafika, kwa kuwa atakana na mkutano utageuka mabishano. Mwulize ni tarehe gani alisimama bungeni kukiuliza kisima hiki. Akikutajia tarehe, nitakusaidia kuitafuta Hansadi ya siku hiyo.