Naomba ushauri: kumwelezea mbawakavu ambaye bado hana jina

Wakuu, habari za wakati huu. Nina mbawakavu wadogo, wote madume, waliokusanywa kwenye gogo linalooza, na hawalingani na spishi yoyote iliyokwisha kuelezwa katika jenasi yao. Mabawa ya juu ni meusi yenye mng'ao wa shaba. Kilichonishawishi zaidi ni kiungo cha uzazi: ncha yake imepinda kama ndoano, ilhali kwa ndugu zake wa karibu imenyooka. Kwa mbawakavu, hapo ndipo spishi nyingi hutenganishwa.

Kanuni nazifahamu: lazima niteue kielelezo kimoja kuwa holotaipu (kielelezo rasmi kinachobeba jina la spishi), nitaje kitakapohifadhiwa, na chapisho la kielektroniki lisajiliwe ZooBank, rejista rasmi ya mtandaoni ya majina ya wanyama. Hayo hayanisumbui. Kinachoninyima usingizi ni majike, maana sina hata mmoja. Je, nichapishe kwa madume pekee au nisubiri? Naogopa sana kuongeza jina la bure juu ya spishi ambayo mtu alishaieleza zamani kwa kutumia jike. Na DNA, nichukue mguu wa holotaipu yenyewe au wa kielelezo kingine? Mliowahi kupitia haya, naombeni mwongozo.