Mjadala: Je, polisi wa London walikuwa na haki ya kuuliza ukumbi utapiga muziki gani?

Wadau, kila inapotajwa garage ya Uingereza, muziki wa kuchezwa klabu, hakosekani wa kusema kwamba polisi wa London walilazimika kuubana muziki huu kwa sababu ulikuwa unavuta fujo. Napinga, na hoja yangu naianzia kwenye muziki wenyewe.

Kwa ambao hawakufuatilia: kuanzia 2005 polisi wa jiji hilo walikuwa na fomu namba 696. Mwandaaji wa onyesho alitakiwa kuiwasilisha wiki mbili kabla, ikiwa na majina, anwani na namba za simu za wasanii na MaDJ. Fomu ya mwanzo iliuliza pia aina ya muziki, na mifano iliyoandikwa humo ilikuwa bashment (dancehall ya Kijamaika), R&B na garage. Tena ikauliza watakaohudhuria ni watu wa asili gani.

Sasa garage ni kitu gani? Jina limetoka New York, kwenye klabu ya Paradise Garage. MaDJ wa London walipoipokea miaka ya 90 waliipandisha spidi hadi mapigo kama 130 kwa dakika, wakaitia besi ya jungle, muziki wa kasi wa klabu za London, ambayo nayo imelelewa na sound system za Wajamaika, yaani disko la mtaani lenye spika kubwa. Kwenye speed garage, mtindo wake wa mwanzo, ngoma kubwa ilidunda kila pigo, moja mbili tatu nne, na chini yake besi nzito inajikunja na kunguruma. Ukaja mtindo wa 2-step, na hapa ndipo penye ufundi hasa. Ngoma kubwa wakaitoa kwenye pigo la pili na la nne, sneya, ile ngoma ndogo yenye sauti kali, wakaiacha palepale, matoazi wakayachelewesha kidogo tu mpaka mdundo mzima ukawa unayumba. Besi ndiyo inayoingia kwenye nafasi zile kujibu. Unangoja pigo, haliji, kiuno kinajikuta kimeshalijaza. Isikilizeni "Sincere" ya MJ Cole, ya 1998, muone ulaini wake. Muziki huu watu walivaa wakapendeza kwenda kuucheza.

Najua mtaniletea So Solid Crew, kundi la garage la London. Ni kweli: 2001, mwaka uleule walioshika namba moja kwenye chati za Uingereza na "21 Seconds", watu walipigwa risasi kwenye onyesho lao pale ukumbi wa Astoria, London. Waliojeruhiwa walistahili ulinzi, hilo silibishii hata kidogo. Ila bunduki inanaswa kwa upekuzi mlangoni na kwa kumfuatilia mhalifu anayejulikana. Kuuliza aina ya muziki na rangi ya wachezaji ni kuwahukumu vijana weusi wa London kabla hawajafika ukumbini. Na aliyeumia zaidi ni grime, muziki wa kurap, mtoto wa garage aliyekulia mashariki ya jiji: wasanii wake walikuwa wakiona maonyesho yanafutwa huku bendi za gitaa zikiendelea.

Maswali hayo mawili yaliondolewa baadaye, na fomu yenyewe ikafutwa Novemba 2017. Miaka kumi na miwili, jamani.

Mnaoona polisi walikuwa sahihi, nijibuni hili: kujua kwamba usiku ule ni wa garage kuliwaambia nini ambacho rekodi ya ukumbi na ya mwandaaji isingewaambia?