Mjadala: Basari za ualimu kwa vijana wa Garissa, Wajir na Mandera

Wenzangu, hoja ni hii: serikali iwalipie karo yote ya chuo vijana wa kaunti hizi tatu za kaskazini-mashariki mwa Kenya watakaosomea ualimu, nao watie saini mkataba wa kurudi kufundisha kwao. Mnaunga mkono au mnapinga?

Mimi naunga mkono, lakini karo peke yake haitoshi.

Kwa nini walimu wa kutoka kaunti nyingine waliondoka, sote tunajua. Novemba 2014 watu 28 walitolewa kwenye basi lililotoka Mandera wakauawa, walimu wakiwemo. Januari 2020 walimu 3 wakauawa Kamuthe, Garissa, na TSC, tume inayoajiri walimu, ikawahamisha wengi wasio wenyeji. Posho ya mazingira magumu haizuii risasi, na aliyefunga virago simlaumu hata kidogo.

Basi tuwatafute wenyeji. Haya, wako wapi? Kusomea digrii ya ualimu wa sekondari kunataka C+ ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari. Mtoto aliyemaliza kidato cha nne bila mwalimu wa kemia ataipata wapi? Na yule mmoja aliyeipata kwa kusomea tochi anataka udaktari, wala basari ya ualimu haitamgeuza nia. Mwaka 2018 wizara ilipotaka kushusha alama za kuingilia vyuo vya ualimu, TSC ilipinga. Siku hiyo nilikuwa upande wa TSC (msizoee). Ukishusha alama, unampelekea mtoto wa Wajir mwalimu asiyeiweza kemia yenyewe, na kidato cha nne kinachofuata kinafeli vilevile.

Ndiyo maana nasema pesa zianze kabla ya chuo: mwaka mzima wa kurudia hesabu na sayansi, chakula na malazi yakiwa yamelipwa, na nafasi za kutosha za wasichana, maana wao huolewa huku kaka zao wakirudia mtihani.

Linalonisumbua ni huo mkataba. Kuanzia 2018 TSC hiyohiyo iliwahamisha walimu mbali na kwao kwa jina la utangamano wa kitaifa. Kijana wa Mandera tukimfunga Mandera, mtoto wa Nyeri atafundishwa lini na Msomali? Mtasema tuzibe pengo kwanza. Sawa, lakini kwa miaka mingapi kabla hajaruhusiwa kuomba uhamisho? Mimi nasema 3. Na asiyerudi kabisa, alipe karo yote, au tumwachie?