Gia ndogo za chuma kwa kigari cha kubeba jerikeni: nichukue moduli gani?

Mtundu_wa_Bugembe
Wakuu, salamu kwenu. Niko Jinja, Uganda, upande wa Bugembe. Natengeneza kigari cha kujiendesha cha kubeba jerikeni ya lita 20 kutoka bombani hadi jikoni. Uwanja wetu una mwinuko na mama mgongo umeshakataa kazi hiyo.

Fremu nimechomelea kwa mabomba ya mraba. Magurudumu mawili ya nyuma yana kipenyo cha sentimita 20, kila moja lina mota yake ya volti 12 yenye giaboksi, inatoa mizunguko 300 kwa dakika. Betri ya pikipiki. Kikiwa na maji kinafika kilo 35 hivi. Nataka nipunguze mwendo mara nne tena, gurudumu lizunguke mara 75 kwa dakika, yaani mwendo wa mtu anayetembea bila haraka.

Gia za plastiki nilizochapa kwa printa ya 3D zinanyolewa meno, hasa ile ndogo. Kigari kikigonga ukingo wa veranda tu, unasikia krrr, ukifungua unakuta visiki.

Sasa nataka za chuma. Mtandaoni naona moduli 0.5, 0.8, 1, 1.5. Nyingine zimeandikwa 32 au 48 basi, bila maelezo. Kuna C45 (chuma cha kaboni), kuna stenlesi, kuna za shaba. Shafti ya mota ni milimita 8, ina upande mmoja bapa. Naanzia wapi? Mfuko ni wa Bugembe, si wa Kololo kwa matajiri wa Kampala.

FundiKatwe
Anzia kwenye moduli ssebo, mengine yatafuata. Moduli ni kipenyo cha gia ukigawanya kwa idadi ya meno. Kipenyo ninachosema si cha nje, ni cha ule mstari wa katikati ya jino ambapo gia mbili zinakutana. Gia ya meno 20 ya moduli 1 ina milimita 20 hapo, na ukipima nje unapata 22. Gia mbili zisipokuwa na moduli moja hazikai pamoja hata uzilazimishe. Pembe ya jino nayo ilingane: nyingi za sasa ni digrii 20, ila kwenye mashine za zamani utakutana na 14.5.

Zile za 32 na 48 ni hesabu ya inchi, meno mangapi kwa kila inchi ya kipenyo. Gawa 25.4 kwa hiyo namba upate moduli yake. 32 inatoa 0.79, ndiyo maana watu wa magari ya rimoti huzichanganya na 0.8 na zinakubali. 48 inatoa 0.53. Hiyo usiichanganye na 0.5, zitazunguka kidogo zikwame.

BodaInjini
Gia za nini mkuu? Chukua mnyororo wa boda na sproketi zake, vitu viko kila kona, hata Bugembe hapo hukosi. Mnyororo unasamehe fremu iliyopinda. Gia haisamehi.

Nnalongo_wa_Mota
BodaInjini, kwenye fremu uko sahihi. Lakini hebu tupige hesabu ya huo mnyororo. Namba 428 ya pikipiki nyingi ndogo ina milimita 12.7 kati ya pini na pini. Sproketi ya mbele ya meno 14 tayari ni milimita 57. Ili kupunguza mara nne, ya nyuma iwe na meno 56, ambayo ni milimita 226. Gurudumu lake ni 200! Sproketi itagusa chini kabla ya tairi.

BodaInjini
😂😂 Banange. Haya, naondoa hoja. Ila mnyororo mdogo wa skuta za umeme upo, ule wa milimita 6.35.

Nnalongo_wa_Mota
Huo ungefaa kabisa, kama ataupata pamoja na sproketi zake.

Turudi kwa gia. Mtundu, chukua karatasi. Kilo 35 ni uzito wa kama nyutoni 343. Kwenye udongo na nyasi weka sehemu moja ya kumi ya huo uzito kuwa nguvu inayozuia magurudumu kuviringika, na kama mwinuko wako unapanda mita 1 katika kila mita 10, weka sehemu nyingine ya kumi. Jumla karibu nyutoni 69, kila gurudumu linabeba nusu yake. Nusu kipenyo cha gurudumu ni mita 0.1, kwa hiyo unahitaji nyutoni-mita 3.4 kwenye gurudumu, na baada ya kugawa kwa nne, karibu 0.9 kwenye gia ndogo ukihesabu na upotevu. Hiyo ni kazi ya kawaida. Mota ikikwama kwenye veranda inasukuma mara kadhaa ya hapo, na ndipo plastiki yako inapokatika.

Kwa chuma cha moduli 1 chenye upana wa milimita 10, mzigo huo jino halitausikia. Moduli 0.5 yenye upana wa 5 ingebeba safari za kawaida, lakini sitaiamini siku ya kugonga ukuta. Tena jino la 0.5 ni dogo mno, fremu ikicheza nusu milimita meno yanarukana. 1.5 inakuongezea uzito wa bure. Chukua 1.

FundiKatwe
Naunga mkono moduli 1, na sasa nitaje kitu ambacho wengi hawakitazami: tundu. Watu wanakimbilia gia ndogo kabisa, meno 12 au 15, ili gia kubwa isiwe kubwa. Meno 15 ya moduli 1, ukishuka hadi shina la jino unabaki na kipenyo cha 12.5. Toboa tundu la 8 katikati, ukuta unaobaki ni milimita 2 na kidogo. Skrubu ya kukaza itashika nyuzi ngapi hapo? Italegea wiki ya kwanza, gia itazunguka peke yake juu ya shafti, utakuja hapa kulaumu chuma.

Nenda meno 20 kwa 80. Shina linakuwa 17.5, ukuta karibu 5, skrubu ya M4 (unene wa milimita 4) inakaa vizuri. Nguvu kwenye jino nayo inapungua kwa sababu kipenyo cha gia ni kikubwa zaidi. Umbali kati ya shafti na shafti ni nusu ya jumla ya vipenyo: 20 jumlisha 80, gawa mbili, milimita 50 kamili. Namba nzuri ya kuchora. Skrubu ikae juu ya ule upande bapa, si pembeni yake, na utie gundi ya nyuzi.

Mtundu_wa_Bugembe
Hapo nimeelewa, asanteni sana. Nnalongo, je, stenlesi? Maji yatamwagika tu, hayaepukiki. Na zile za kufumua kwenye mashine kuukuu za fotokopi zinafaa?

Nnalongo_wa_Mota
Stenlesi ya kawaida haishiki kutu, ila ni laini kuliko C45 iliyokomazwa meno (yaliyofanywa magumu kwa moto), na ikisuguana na stenlesi mwenzake bila mafuta inachubuka vibaya. Mimi ningechukua C45 iliyokomazwa kwa gia ndogo, maana jino lake moja linafanya kazi mara nne wakati jino la gia kubwa linafanya mara moja. Kubwa iwe C45 ya kawaida au hata nailoni nzito ya kukerezwa: haipigi kelele na haiogopi maji. Shaba waachie wa saa.

Adui yako mkubwa ni vumbi jekundu. Likiingia kwenye grisi linageuka msasa. Funika gia kwa kipande cha jerikeni iliyopasuka, huku chini uache tundu la maji kutokea.

Za fotokopi nyingi ni plastiki. Ukipata ya chuma, hesabu meno, ongeza 2, kisha gawanya kipenyo cha nje kwa hiyo jumla. Meno 20 na kalipa inasoma 11: moduli 0.5. Ikisoma 11.6, hiyo ni 48 ya inchi. Na usidanganyike na gia za grainda, zile zimekatwa kwa kukunja kona, si gia za shafti mbili zilizo sambamba.

Kyambogo_Lab
Nyongeza ndogo. Usitoboe matundu ya mota yakiwa ya duara, yafanye marefu ili mota iweze kusogea. Weka ukanda wa karatasi ya daftari kati ya meno, sukuma gia zibane, kaza boliti, kisha zungusha karatasi itoke. Ikitoka imekunjamana bila kuchanika, nafasi inatosha. Ikichanika umebana mno. Pia gurudumu lisikalie shafti ya mota: lipe ekseli yake na beringi mbili, mota ibaki na kazi ya kuzungusha tu.

Mtundu_wa_Bugembe
Naagiza 20 na 80, C45 zote mbili. Ya 80 naiona ina tundu la 10 na ekseli yangu ni 12. Kuna kijana hapa Jinja ana mashine ya kukereza, anasema ataitanua kwa drili tu, dakika tano.

FundiKatwe
Kwa drili mwambie hapana. Tundu likihama katikati hata kwa milimita 0.2, gia itabana upande mmoja na kulegea upande wa pili kila mzunguko, na karatasi ya Kyambogo haitakusaidia. Aishike kwa chaki (kile kishikio cha mashine) ya taya nne, aipime na dayali, ile saa ya kupimia, kwenye kitovu mpaka sindano itulie, kisha apanue kwa kisu cha ndani. Na uliza muuzaji kabla hujalipa: kama ni meno tu yaliyokomazwa, katikati kunakatika bila shida. Kama wamekomaza gia nzima, kisu cha huyo kijana hakitaingia.